Nozeli za Kimandolu

Kabla ya 2004 gereji yetu ya Kimandolu ilijulikana kwa pikipiki tu, hasa zile za kuchanganya petroli na oili, zinazotoa moshi wa bluu. Ni kwa sababu hiyohiyo mtafiti mmoja wa wanyamapori alituletea injini ya ndege yake ndogo ya mbawa za kitambaa. Ilikuwa Rotax 582: silinda mbili, sentimita za ujazo 580, nguvu farasi 64, kabureta mbili za Bing. Mwenye gereji, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu, aliizunguka, akafungua plagi moja, akainusa. “Hii ni pikipiki iliyosoma,” akasema.

Shida ya yule mtafiti ilikuwa milima yetu. Uwanja wa Arusha, kule Kisongo, uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Natron liko chini huko, kwenye mita 600 hivi. Meru unapita mita 4,500, naye alipenda kuruka ubavuni mwake. Kabureta haijui habari za mlima. Jeti, kile kipande chenye kitundu cha kupitishia petroli, ukishaichagua, tundu lake ni lilelile, ilhali hewa inapungua kadiri unavyopanda. Huko juu petroli inazidi, plagi zinaloa, injini inakohoa na nguvu zinakwisha. Ukiteremka Natron na jeti ya Kisongo, mambo yanageuka: hewa ni nzito, petroli haitoshi, joto linapanda. Na kwa kuwa oili yake ilichanganywa humohumo kwenye petroli, hamsini kwa moja, petroli ikipungua na oili imepungua. Joto la moshi likipita digrii 650, pistoni inakaribia kushika. Ndiyo maana alitembea na pakiti ya jeti mfukoni.

Alikuja na dawa yake kwenye boksi: vipande vya MegaSquirt, kompyuta ndogo ya kuongoza nozeli za kunyunyizia petroli, waliyoibuni Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, mwaka 2001, kwa ajili ya watu wa kujiungia wenyewe. Mimi nilikuwa nimezoea lehemu za redio, kwa hiyo nikakabidhiwa. Kabureta zikatoka. Mahali pake tukaweka bomba mbili zenye mlango wa hewa, kila moja na nozeli yake, tukaongeza pampu ya umeme ya gari, kidhibiti cha presha na mpira wa kurudisha petroli tangini.

Kilichotusumbua ni sensa ya presha. Kwenye gari, kompyuta husoma mvuto wa hewa kwenye manifoldi ndipo ikapima petroli. Kwenye injini ya mapigo mawili kama ile hewa husukumwa mbele na nyuma, na namba zikawa zinaruka ovyo. Tukabadilisha: kompyuta ikapima petroli kwa kutazama mlango umefunguliwa kiasi gani na injini inazunguka kwa kasi gani, na sensa tukaiacha wazi kwa hewa ya nje, iseme tu tuko mwinuko gani.

Tukaifunga injini kwenye fremu nyuma ya pikapu, pangaboi ndani ya wavu wa chuma, tukapanda nayo Oldonyo Sambu, njia ya Namanga, kisha tukateremka hadi uwanda wa Mererani. Kila tuliposimama Babu alifungua plagi na kuigeuza juani. Ikiwa nyeusi yenye unyevu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, imepungua. Juu na chini ilikuwa kahawia, kavu, safi.

Mtafiti alikuwa akicheka kwa furaha. Babu akasema, “Piga resi.” Injini ilipokuwa inanguruma, akang’oa waya wa betri. Ikazima palepale.

“Kabureta ingezima, bwana?”

Isingezima. Moto wa plagi za 582 hutoka kwenye sumaku za injini yenyewe, kwa saketi mbili zinazojitegemea, na pampu yake ya kawaida husukumwa na presha ya krenki. Injini ile haikuwa na haja ya betri mpaka tulipoipa nozeli. Jenereta yake hutoa kama wati 170 tu, na pampu yetu peke yake ilikula karibu theluthi.

“Nitaongeza betri ya pili,” akasema mtafiti.

“Betri mbili kwenye waya mmoja, bado ni waya mmoja.”

Kabureta zikarudi, na mteja akaondoka na jeti zake.

Mwaka 2012 Rotax walitoa 912 iS, injini ya mapigo manne yenye nozeli. Wameiwekea jenereta mbili na kompyuta ya njia mbili, moja ikifa nyingine ibebe. Vijana huniuliza kama tulishindwa. Kwa kupima petroli, nozeli zetu ziliishinda kabureta. Hilo nililiona kwenye plagi. Ila njia ya pili ya umeme ina uzito wake na bei yake, na ndege ile ilinunuliwa kwa sababu ni nyepesi na rahisi.