Kipini, Mji Kati ya Maji Matamu na ya Chumvi

Tulipofika Witu tuliiacha barabara ya Lamu, tukashika njia ya kusini hadi Kipini, mji mdogo ulioko pale Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya, unapoingia baharini.

Kusini kuna Ghuba ya Ungwana. Mashariki ya mji yamo magofu ya Ungwana, pamoja na msikiti wake wa Ijumaa. Magharibi yametanda mikoko, vinamasi na malisho, ambako Wapokomo hulima na Waorma huchunga ng'ombe. Mwaka 2012, hekta 163,600 za delta hiyo ziliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu iitwayo Ramsar.

Mto huu haukuishia hapa daima. Zamani Kipini ilikuwa mdomo wa Mto Ozi, na Tana ukimwaga maji yake kusini-magharibi zaidi. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili. Maji yakaufuata mfereji, yakaupanua, hatimaye mto wenyewe ukahama. Mkono wa binadamu ulitosha kuugeuza.

Tulipanda mtumbwi hadi kijiji cha Ozi. Huko bahari inapojaa huyarudisha nyuma maji matamu ya mto, yakapanda mashambani na kunywesha mpunga bila mashine. Lakini mto ukipungua nguvu, kinachopanda ni chumvi. Tangu Bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, na mengine kufuata, mafuriko yaliyokuwa yakiosha udongo na kuurutubisha yamepungua.

Ilipoingia alasiri tulitia udhu mtoni. Tuliposukutua tukaonja chumvi. "Wanangu," akasema mzee aliyetupokea, "maji haya babu zetu waliyanywa." Udhu wetu ulisihi, kwani maji ya bahari ni tohara, mpunga haukupewa ruhusa hiyo, wala mwembe.

Sehemu ya umeme unaowaka katika nyumba za Nairobi na Mombasa hutoka katika mabwawa hayo. Hatusemi taa zizimwe. Twasema kwamba anayekaa juu ya mto ameshika amana ya jirani aliye chini, hata kama hawajapata kuonana, na maji ya kutosha kufika Ozi ni haki yake, si sadaka.