Nuru Isiyofika Ardhini

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mnamo tarehe 17 Mei 2009, mwanaanga Mike Massimino alitakiwa kuinama zaidi ya kawaida. Akielea kando ya darubini ya Hubble, alikabiliwa na skrubu moja ambayo kichwa chake kilikuwa kimelika. Skrubu hiyo ilishikilia mshikio wa chuma. Chini ya mshikio palikuwa na kifuniko chenye skrubu zaidi ya 100. Na ndani ya kifuniko mlikuwa na STIS, kifaa kilichowekwa mwaka 1997 na kunyamaza mwaka 2004. Hatimaye aliruhusiwa kuung'oa mshikio kwa mikono. Aliuvuta, ukakatika, na kifaa kikafufuliwa.

Kwa nini jasho lote hilo? Tabaka la ozoni, ngao ya uhai, huzuia karibu nuru yote yenye mawimbi mafupi kuliko nanometa 300. Kiswahili kimeiita nuru hiyo urujuanimno, kwani imeupita urujuani na jicho haliioni. Anayeitaka hana budi kuifuata juu ya anga.

Picha huonyesha umbo na mahali. Spektra hufichua gesi na mwendo wake. Spektroskopia ya taswira huvioanisha vyote: kila nukta ya kinachotazamwa hupata spektra yake. Hivyo ndivyo STIS, Desemba 2012, ilivyonasa mng'ao wa haidrojeni na oksijeni karibu na ncha ya kusini ya Europa, mwezi wa Mshtarii, nao wanasayansi wakaona humo dalili za mvuke wa maji. Picha pekee isingeitaja gesi. Spektra pekee isingetaja mahali.

Hapo ndipo mbunifu wa darubini ijayo anapobanwa. Taswira pana hudai vioo vingi vya kuisawazisha, ilhali kila kioo hutoza ushuru. Kioo kikirudisha asilimia 80 ya urujuanimno, vioo vitano huacha takriban asilimia 33 tu. Alumini nayo, ikiguswa na oksijeni, hufanya utando unaomeza nuru hiyo, hivyo sharti ivishwe koti jembamba la kuilinda.

Mwaka 2021, Akademia za Kitaifa za Marekani zilipendekeza darubini yenye kioo cha takriban mita 6, itakayoona hata urujuanimno. Vyombo vilivyowabeba mafundi wa Hubble vilistaafu mwaka 2011. Kwa hiyo idadi ya vioo, koti lake na njia ya kukifikia kila kifaa ni maswali ya kujibiwa sasa, karatasini, kabla skrubu ya kwanza haijakazwa.