Paka Wetu Alikataa Bukari



Hapa Buluo panya walikuwa wanatoboa mifuko yetu ya unga, basi jirani akatupatia paka mdogo. Watoto wakamwita Kapenta, kwa sababu ya chakula alichokipenda. Tulimlisha bukari yenye mchuzi, na vichwa vya kapenta siku za soko. Alikula vizuri.

Alipofika karibu miezi mitano, akabadilika. Alikimbilia sahani, akanusa, akalamba mchuzi, na bukari iliyokauka akaiacha. Kisha akaenda kutafuna kamba za viatu. Mama mkwe akasema: «Mmemdekeza. Mnyimeni, njaa itamfundisha.» Nikakubali. Siku nzima hakupewa kitu. Kesho yake asubuhi alilala karibu na mbabula, hana hata nguvu ya kulia.

Binti yangu wa miaka saba ndiye aliyeokota jino kwenye mkeka, dogo kuliko punje ya mchele, lenye ncha. «Mama, paka naye anatoka meno kama mimi?»

Niliona haya. Nafundisha mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Kila siku naona watoto wenye mapengo, na hakuna ninayemnyima chakula kwa sababu hawezi kuuma muhindi.

Nikampeleka kwa munganga wa wanyama mjini Likasi. Akamfunua mdomo taratibu, akatueleza. Paka mdogo ana meno 26 ya utoto. Yanaanza kutoka akiwa na miezi mitatu au minne, na kwenye miezi sita au saba huwa amepata meno 30 ya ukubwa. Wakati huo ufizi unamuuma. Anatafuna vitu, anaacha chakula kigumu, pengine tone la damu linabaki kwenye sahani. Hayo yanapita.

Ila ufizi ukiwa mwekundu sana, mdomo ukinuka vibaya, au paka mdogo akipitisha siku nzima bila kula, aonwe na munganga. Msimpe paracetamol hata kipande: dawa hiyo inaua paka. Na bukari peke yake haimtoshi. Mwili wake unahitaji taurini, ambayo iko katika nyama na samaki, haiko katika mahindi. Akiikosa muda mrefu, macho na moyo vinaharibika.

Sasa tunaloweka kapenta kwanza ili chumvi itoke, tunaichemsha, tunaiponda na bukari kidogo na maji yake ya vuguvugu.

Neno moja kwa ajili ya watoto: wasitie vidole mdomoni mwa paka. Akitoa mate mengi huku anayumba au anauma ovyo, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Paka nao wanakipata. Aliyeumwa aoshwe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, na apelekwe kituo cha afya siku ileile.

Kapenta amepona na panya wamepungua. Mama mkwe ndiye anayemlainishia chakula. Juzi alinicheka: «Mimi mwenyewe nimebaki na meno machache. Mbona sikufikiri?»

Nami sikufikiri. Asiyeweza kusema, akiacha kula, tumtazame mdomoni kabla ya kumpa adhabu.