Mwalimu Anasema Penalti Haifundishiki

Mwalimu, kocha wa timu yetu ya vijana hapa Likoni, ana msimamo mmoja ambao hajaubadilisha tangu nianze kumsaidia: penalti haifanyiwi mazoezi. Kwake yeye ni bahati nasibu. Mpira unawekwa, refa anapuliza, Mungu anaamua. Ukimwomba mtenge japo nusu saa, atakwambia afadhali vijana wakimbie, wawe na pumzi ya kumaliza mechi mapema. Na si kwamba anabwata tu. Ushahidi anao, na ushahidi wenyewe ni Uhispania.

Kabla ya Kombe la Dunia la 2022, Luis Enrique aliwaambia wachezaji wake kila mmoja apige angalau penalti 1,000 akiwa klabuni kwake, kabla ya kufika Qatar. Wakafika, wakakutana na Morocco katika 16 bora, dakika 120 zikaisha bila bao. Ikaja mikwaju. Sarabia akagonga mlingoti. Soler na Busquets, Bounou akawadaka wote wawili. Halafu Hakimi akaudokoa mpira katikati ya goli polepole, kama mtu anayemrudishia mtoto mpira wake. Uhispania haikufunga hata moja. “Elfu nzima zilienda wapi?” Mwalimu huniuliza, tena huniuliza mbele ya vijana.

Mimi naona swali hilo lina jibu. Sarabia aliingizwa zikiwa zimebaki dakika chache tu za muda wa ziada. Ni kama Rashford na Sancho wa Uingereza katika fainali ya Ulaya ya 2021 dhidi ya Italia: waliingia mwisho mwisho, mwili haujashika joto, wakaitwa kupiga, wakakosa. Kupiga penalti elfu moja klabuni, mwenzako anacheka nyuma yako, ni mazoezi ya mguu. Na mguu wa mchezaji wa kulipwa haukuwa mgonjwa. Shida ni zile mita 40 na ushei kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye alama, unatembea peke yako, kila mtu anakutazama. Hizo nani amezifanyia mazoezi?

Waingereza walijifunza kwa uchungu. Mwaka wa 1998 kocha wao, Hoddle, hakuona faida ya kuzifanyia mazoezi, na penalti ya mwisho dhidi ya Argentina ikamwangukia David Batty, mtu ambaye hakuwa amewahi kupiga penalti katika mechi ya kulipwa. Ikadakwa. Watafiti walipokaa kuhesabu, waligundua Waingereza walikuwa na haraka kuliko wengine. Refa akipuliza tu, mtu amekwisha piga. Alikuwa anataka yaishe. Southgate, ambaye mwenyewe alikosa mwaka wa 1996, alipokuwa kocha aliwazoesha wachezaji mpaka ule mwendo, na kuvuta pumzi kabla ya kupiga. Mwaka wa 2018 wakaitoa Kolombia 4–3, mara yao ya kwanza kushinda kwa penalti katika Kombe la Dunia. Mwaka wa 2021 wakashindwa tena, ndiyo. Mwaka wa 2024 wakafunga tano kwa tano dhidi ya Uswisi. Hakuna aliyesema ni dawa.

Lakini hao ni watu wenye mishahara. Kwetu, kombe la mtaani halina muda wa ziada. Mechi ni dakika 60, jua linazama, timu nyingine imeshavaa jezi inasubiri uwanja. Sare ni penalti moja kwa moja. Kwa hiyo sisi ndio tunaozihitaji zaidi kuliko Uhispania!

Mwaka jana tulitolewa hivyo robo fainali. Filimbi ya mwisho ilipolia, ndipo Mwalimu akaanza kuuliza, “Nani anataka?” Vijana wakaangalia chini. Mmoja alijiinamia kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa. Wa tano akawa beki wetu wa kushoto, miaka 16, aliyesukumwa na wenzake kwa sababu hakukataa haraka. Mpira ukapaa. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Paa. Mpaka mama wa viazi karai anamwita Paa, na wala hamaanishi vibaya. Miezi miwili hakuja mazoezini.

Agosti 22, 2025, tulikuwa wote kibandani kutazama Harambee Stars na Madagaska, robo fainali ya CHAN, pale Kasarani. Moja kwa moja, halafu penalti, tukalala 4–3. Mkenya alipokosa, kibanda kizima kilimtukania mama. Nilipogeuka, kijana wetu alikuwa ameshatoka nje.

Siku hizi Alhamisi, baada ya mbio, miguu ikiwa imekufa, Mwalimu anaondoka zake na mimi nabaki nao. Tunasimama katikati. Mmoja anatembea, wengine wanampigia kelele na miluzi. Kipa anachelewesha mpira makusudi. Kila mtu anapiga moja tu. Ukikosa, hurudii mpaka wiki ijayo, kwa sababu siku ya mechi pia hakuna kurudia. Nina daftari. Siandiki sana nani amefunga. Naandika nani ameomba kuanza, nani anajificha nyuma, nani anafunga kamba.

Nusu fainali ni Jumapili ya wiki ijayo. Alhamisi iliyopita beki wetu wa kushoto alitembea, akapiga, akafunga, chini kulia. Kisha akanijia pembeni akaniambia, “Kaka, kucheza nitacheza. Lakini kwa penalti usiniandike.”

Sikumwandika. Wapo saba wengine, na wa saba ni kipa.