Tundu la milimita sita na nusu

Baiskeli sita zilikuwa zimeegemezwa ukutani nyuma ya zahanati moja, mwendo mfupi kutoka Babati mjini, matairi yamelala na nailoni ya kiwandani ingali imefunikwa kwenye usukani. Zililetwa kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mmoja wao, binti wa shangazi yangu, ndiye aliyenionesha. "Kaka, hazijai upepo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kulalamika. Miezi yote hiyo aliendelea kuwafuata wajawazito kwa miguu, na siku za mvua kuna kaya ambazo hakuzifikia kabisa.

Niliichukua moja hadi kwa fundi mmoja mzee karibu na stendi. Walikuwa wamekwisha kujaribu kituo cha mafuta wakashindwa, naye fundi akanieleza sababu kwa utaratibu ambao ningependa kuuona katika mihadhara yetu.

Valvu za baiskeli, kwa kawaida, ni za aina tatu. Ile tuliyokua nayo, ya Phoenix za wazee wetu, huitwa Dunlop: ndani yake mna kimrija kilichovikwa mpira, upepo ukisukumwa huuinua mpira na kupenya, kisha shinikizo la ndani huubana. Mpira ukichoka, fundi huubadilisha kwa bei ya andazi. Asitokee mtu akaiita ya kizamani. Waholanzi, watu wa baiskeli kwelikweli, wanaitumia hadi leo. Ya pili ni Schrader, ya magari na pikipiki, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1893. Ina springi na pini ambayo kwa kawaida pampu huibonyeza, na mpira wa kituo cha mafuta umetengenezwa kwa ajili yake tu. Ya tatu, Presta, asili yake Ufaransa, ni nyembamba na haina springi. Nchani ina kinati kidogo ambacho sharti kilegezwe kwanza. Kisipolegezwa, haipiti hata pumzi.

Baiskeli zetu sita zilikuwa na Presta.

Mzee akakilegeza kinati kwa vidole viwili, akakigusa, ukatoka mlio mdogo wa upepo. Kisha akabana pampu yake ya kawaida, ile ya Dunlop, maana pampu ya aina hiyo kwa kawaida huzihudumia zote mbili. Tairi likasimama. Hatukumaliza hata kikombe cha chai.

Ningeweza kuishia hapo na kumlaumu aliyekabidhi baiskeli bila kuonesha kinati. Lakini wiki haikwisha, tiubu moja ikachanika kwenye shina la valvu, mahali ambapo kiraka hakishiki. Tiubu ya Presta hatukuipata dukani Babati. Tiubu zinazouzwa zina valvu nene, inayohitaji tundu la milimita 8.5 hivi, na tundu la rimu hizi ni milimita 6.5. Fundi akapendekeza kulipanua kwa keekee. Rimu zenyewe ni pana, hazitadhurika. Mtunza vifaa akakataa: mali ya umma haitobolewi bila kibali.

Simcheki. Mkaguzi akija, atakayeulizwa ni yeye, si fundi wala mimi. Ninaloulizia ni karatasi ya makabidhiano, ambayo niliisoma mara mbili. Imetaja rangi, idadi ya gia, hata ukubwa wa nembo ya mfadhili. Valvu haimo. Pampu haimo. Kile kipande cha shaba kinachofungwa juu ya Presta ili ikubali pampu ya Schrader, kidogo kuliko kifundo cha kidole, nacho hakimo. Wanafunzi wangu hupenda kujadili utegemezi kwa maneno makubwa, nami ndiye niliyewafundisha maneno hayo. Sikuwahi kuwaambia waende kumuuliza fundi wa stendi kabla zabuni haijatangazwa, auzaye tiubu anauza tiubu gani.

Barua ya kuomba kibali cha kutoboa imeandikwa, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Baiskeli tano zinatembea. Ya binti wa shangazi ni mojawapo, na kinati chake amekifunga uzi mwekundu ili asikisahau.