Kitimoto mbichi na mgeni wa tumboni

Ndugu mfugaji, leo naacha parachichi na migomba, nakueleza tumbo langu mwenyewe. Jioni moja ya baridi hapa Nkunga, nikitoka kwa wafugaji na njaa imenibana, nilikula kitimoto ambayo ndani ilikuwa bado nyekundu.

Unajua kazi ya tumbo: meno yanasaga, tindikali inalainisha, kisha chakula kinaingia utumbo mwembamba, bomba la mita 6 hivi, ambako nyongo na maji ya kongosho yanamalizia, na virutubisho vinaingia kwenye damu. Nyama ikasagika yote. Tegu mchanga aliyekuwa ndani yake hakusagika. Tindikali haikumuua, nyongo ndiyo ilimwamsha, akajishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Tegu hana mdomo. Anafyonza kwa ngozi chakula ulichokwisha kumsagia.

Miezi kadhaa baadaye niliona vipande bapa vyeupe chooni. Aibu! Mimi ninayewafundisha wengine. Kituo cha afya wakanipa vidonge.

Kilichoninyima usingizi ni wanangu. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, na mtu akiyameza kwa mikono michafu, viluwiluwi vyake hupenya utumbo, hupita kwenye damu na vinaweza kufika kwenye ubongo. Hapo ndipo kifafa huanza, na majirani huanza kumtafuta mchawi.

Nguruwe anayezurura huyapata mayai hayo vichakani, kwenye kinyesi chetu. Mfungie bandani, tumia choo. Nawe mfanyabiashara, kabla hujalipa, papasa chini ya ulimi wa nguruwe: ukigusa vinundu kama punje za mchele, usinunue. Usipogusa kitu, bado ipike mpaka wekundu uishe.