Upinde Darini: Safari ya Kandokando ya Mto Sabaki

Tuliondoka Malindi baada ya sala ya alfajiri, watu tisa katika matatu ya kukodi, sufuria za pilau zikiwa miguuni petu na vikuba vya asumini vimefungwa katika kitambaa kilichoroweshwa maji. Mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa anaoa, nami nilikuwa nimeombwa kufungisha nikahi. Bibi arusi ni Mwaata, na kwao ni bara, katika njia iendayo lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki.

Njia hiyo ni ya kiasi cha kilomita 110 toka mjini hadi langoni. Miembe na mikorosho hukusindikiza mpaka Kakoneni, kisha huanza kukuaga mmoja mmoja, na mbele yako hubaki udongo mwekundu, mibuyu na vichaka vya miiba. Mto huonekana na kupotea. Una majina matatu mto huu: juu kabisa ni Athi, ukipita mbugani ni Galana, na ukitukaribia sisi watu wa pwani huwa Sabaki. Maji mekundu mnayoyaona baharini Malindi baada ya mvua ni udongo wa huko.

Mahali pamoja dereva alipunguza mwendo akatuonyesha shamba la mahindi lililolazwa chini kama mkeka. Ndovu walikuwa wamepita usiku. Mwenye shamba alikuwa amekesha akipiga madebe, na sasa ameketi juu ya gogo, hasemi na mtu. Tulimtolea salamu, akaitikia, tukaenda zetu.

Nikahi ilisomwa kabla ya adhuhuri, kwa uzuri na bila ya makuu. Baada ya chakula, babu yake bibi arusi, mzee wa miaka themanini na kitu, alinishika mkono akaniambia, "Sheikh, njoo ndani. Nina kitu cha kukuonyesha na neno la kukuuliza." Akamwamuru kijana apande darini. Kilichoteremshwa ni upinde.

Watu wa pwani tuliwazoea Waata kwa majina ya Wasanye na Waliangulu, tukawajua kwa jambo moja tu: kwamba walikuwa wakiwinda ndovu kwa mishale. Upinde ule, uliposimamishwa, ulinifika kwenye paji la uso. Waliozipima pinde za Waata wameandika kwamba nyingi zilihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuvutwa. Nilipewa nijaribu. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, na kamba haikusogea hata shibiri moja. Watoto walicheka, nami nikacheka nao.

Mzee hakucheka. Alinieleza kazi yenyewe taratibu, kama mwalimu. Mwindaji hufuata nyayo tangu alfajiri, peke yake au na mwenziwe. Huangalia upepo kwanza, kwa kuwa ndovu huona vibaya lakini hunusa mbali. Humkaribia mpaka hatua kumi au kumi na tano, mahali ambapo mtu husikia tumbo la mnyama likinguruma. Haulengi moyo, kwa kuwa mbavu za ndovu ni ukuta. Hulenga ubavu laini, nyuma ya mbavu. Uti wa chuma wa mshale hupakwa sumu nyeusi iliyopikwa kwa mti wa msungu, na huzongwa kipande cha ngozi hadi saa ya kutumika, ili isikauke na isimdhuru mwenyewe. Sumu nyingi, alisema, ilinunuliwa kwa Wagiriama. Na kila mtu alikuwa na alama yake kwenye mshale, ili mnyama akikutwa ajulikane ni wa nani.

"Sumu ikiwa mpya na mshale ukikaa pake," alisema, "hafiki mbali. Sumu ikiwa nzee, au mkono ukitetemeka, utamfuata siku tatu."

Akanyamaza. Kisha akanisimulia ndovu wake mmoja. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Alimpiga jike, mshale ukaingia juu mno. Alimfuata siku mbili, maji yakamwishia, akarudi. Miezi michache baadaye alikuta mifupa karibu na mto, na mshale wenye alama ya baba yake, maana ndiye aliyempa. "Pembe nilizichukua," alisema. "Lakini alikuwa na mtoto, Sheikh. Nyayo za mtoto nilikuwa nimeziona tangu mwanzo."

Hapo ndipo alipouliza. Yeye amesilimu zamani, anasali, anafunga. Baba yake alikufa kabla ya kusilimu. "Nyama tuliyokula, na pembe tulizouza, zina hukumu gani?"

Ndugu zangu, mlango wa mawindo na vichinjo tuliusoma madrasa upesi upesi, kwa kuwa hapakuwa na mmoja wetu aliyewahi kuwinda kitu kikubwa kuliko kanga. Siku ile niliona kila mas'ala yake yamekaa mbele yangu juu ya mkeka. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa na Adiy bin Hatim juu ya mnyama anayepigwa mshale akapotea, kisha akakutwa amekufa baada ya siku moja au mbili. Jawabu lilikuwa kwamba akikutwa hana athari nyingine ila mshale wa mwenyewe, ataliwa. Na akiwa ameanguka majini, asiliwe, kwa kuwa haijulikani kilichomuua ni mshale au ni maji. Mtazame mzee huyu wa Kiwaata na alama yake ya mshale, asiyepata kusoma kitabu, jinsi alivyokuwa akiulinda ushahidi uleule.

Lakini msingi huohuo unaifunga njia ya sumu. Mafaqihi wameeleza kwamba zikikutana sababu mbili za kifo, moja inayohalalisha na moja isiyohalalisha, huangaliwa ile isiyohalalisha. Ncha ya mshale yenye makali huhalalisha; sumu haihalalishi. Kwa hiyo hata nyati na pofu, ambao nyama yao ni halali kwetu, wakiuawa kwa mshale wa sumu hawaliki, isipokuwa wawahiwe wakiwa na uhai thabiti wachinjwe. Na ndovu mwenyewe, katika madhehebu yetu ya Shafi, haliwi kwa vyovyote, kwa kuwa ni mnyama mwenye meno marefu ya kushambulia.

Na juu ya hukumu kuna adabu. Tumekatazwa kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo, na tumeamrishwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama tunayemchinja. Nikiupima upinde kwa mizani hiyo, naona pande mbili, wala siwezi kuuficha hata mmoja. Mtu anayemsogelea ndovu hatua kumi, akiwa na mti na kamba tu, hachezi. Ameweka roho yake rehani. Hana njia ya kuua mia kwa siku moja, kama walivyofanya wenye bunduki za rashasha waliokuja katika miaka ya sabini na themanini. Hata hivyo jike yule alikufa kwa siku ambazo hakuna aliyezihesabu, na mtoto wake akabaki nyikani.

Nilimjibu mzee kwamba Uislamu hufuta yaliyoutangulia, na kwamba baba yake alikula alichokijua, amri yake iko kwa Mola wake Mwenye kurehemu. Aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kwa upole, na bila ya kunilaumu, "Na waliotununulia pembe? Wao walikuwa Waislamu tayari."

Sikuwa na jawabu la haraka.

Tusijidanganye. Al-Mas'udi, aliyesafiri katika bahari yetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba watu wa nchi ya Zanji waliwaua ndovu kwa ajili ya pembe, na pembe zikapelekwa Omani, na kutoka huko zikaenda Bara Hindi na China. Siwa ya Pate, tunayojivunia, ni pembe ya ndovu. Mwaata alikula nyama. Utajiri uliteremka mtoni ukaja kwetu. Ilipotangazwa mbuga ya Tsavo mwaka 1948, na hasa katika msako mkubwa wa mwaka 1956 na 1957, waliotiwa pingu kwa wingi walikuwa ni wenye pinde. Baba wa mzee wangu alifungwa. Aliporudi, alisema mwanawe, alikuwa mtu asiyejua afanye nini asubuhi. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango huko Galana wa kuwaruhusu Waata kuwinda ndovu kwa hesabu na kuuza nyama. Haukudumu, na nchi ile ikaja kuwa ranchi ya ng'ombe. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa kila namna. Mimi naiunga mkono marufuku hiyo. Ila katika mawaidha yetu tumezoea kumtaja jangili wa porini, na sijamsikia hata mmoja wetu akimtaja mnunuzi wa mjini.

Nasema hivi nikijua ninalolisema. Marehemu bibi yangu mzaa baba alikuwa na bangili ya pembe, pana, imekuwa ya manjano kwa mafuta ya mkono wake. Akiivaa Idi na arusini, nasi wajukuu tukipigania kuishika. Sasa iko kwa shangazi yangu, ndani ya kasha, na yeye huivaa hata katika sala.

Niliporudi nilikwenda kumwona. Nilimweleza kwamba kwa madhehebu yetu pembe ya ndovu ni najisi, na mwenye kuivaa hasali nayo. Shangazi si mtu wa kushindwa kwa urahisi. Aliniambia alifundishwa kwamba bibi Fatuma, binti wa Mtume, alinunuliwa bangili mbili za pembe. Nikamwambia hadithi hiyo ameipokea Abu Daud, na wanazuoni wameizungumza isnadi yake. Na wengi wa wanazuoni wetu wamesema neno lililotumika humo maana yake ni gamba la kasa. Akanyamaza kidogo. "Basi na sala zangu za miaka arubaini?" Nikamtuliza kwamba imamu Abu Hanifa aliiona pembe kuwa tohara, na kwamba aliyesali kwa nia safi asimdhanie Mola wake ila kheri.

Kisha nikamsimulia jike wa ndovu na nyayo za mtoto. Sikutaka kumhuzunisha, lakini niliona si haki aijue bangili kwa upande wa fiqhi peke yake. Pia nilimwambia kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kukaa na pembe nyumbani bila ya kibali, hata ikiwa ni ya urithi.

Aliitoa, akaipangusa kwa ncha ya leso yake, akaipitisha mkononi mara moja, akaivua. "Peleka wewe," alisema. "Mimi sitaweza kuwapa."

Imo katika bahasha juu ya rafu ya vitabu vyangu. Jumatatu, inshallah, nitaipeleka afisi ya wanyamapori. Na mzee wa Sabaki nimeahidi kumrudia baada ya mvua, kwa kuwa bado ananidai jawabu la swali lake la pili.